Shahidi wa Mama Tarehe

Wanafunzi walimwita Mama Tarehe, na wala hawakumsingizia. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia darasani, anageukia ubao, anamwaga tarehe kutoka kona ya juu hadi chini kabisa, nao wanazinakili huku wamelala. Mtu anaweza kulala na kalamu ikaendelea kutembea. Asiyeamini na aende akafundishe historia kipindi cha baada ya chakula cha mchana.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mwalimu wa taaluma, mwanamume mwembamba asiyependa maneno mengi, alimwita ofisini akamwambia kwamba wanaochagua historia wanapungua kila mwaka, na yeye hawezi kuendelea kutoa chumba kwa somo la watu wanaosinzia. "Alhamisi nitakuja kukaa nyuma ya darasa lako la kidato cha tatu," alisema. "Nikikuta watoto wamekufa kwa usingizi vilevile, mwakani somo halimo kwenye ratiba. Tusilaumiane."

Alitoka pale akihesabu siku zilizobaki. Historia ndiyo kazi pekee aliyoijua, na aliipenda kwelikweli, ila mapenzi yenyewe alikuwa ameyafungia mahali ambapo mwanafunzi hawezi kuyaona.

Jioni akakaa kwenye meza ya chakula na karatasi zake, anaandika maandalio ya somo, anakata, anaandika tena. Sebuleni baba yake, fundi seremala mstaafu aliyehamia kwake tangu mama alipofariki, alikuwa akimsimulia jirani habari za tingatinga. Habari hizo mtaani kwao hakuna asiyezijua, hata watoto wanaonyonya. Zamani, serikali ilipoamua kupitisha barabara kuu, mtaa wote ulibomolewa, na barabara yenyewe ndiyo hii inayopita mbele ya shule. Mzee alisimama mlangoni kwake, amembeba binti yake begani, tingatinga linanguruma mbele yake, akamwambia dereva, "Pita tu, lakini utapita juu ya huyu." Dereva akazima injini. Akashuka, akakaa chini, akalia. Kesho yake aliletwa dereva mwingine na nyumba ikaenda chini, lakini hiyo kesho mzee hakupenda kuisimulia.

Mama Tarehe aliweka kalamu. Mtoto wa begani ndiye yeye. Alikua akiambiwa hivyo. Akiogopa mtihani, baba alimwuliza, "Wewe uliyezima tingatinga ndiye unaogopa karatasi?" Ni hadithi hiyo iliyomfanya asome historia badala ya biashara. Na mada ya Alhamisi ilikuwa kukua kwa miji, pamoja na bomoabomoa hiyohiyo! Shahidi yuko sebuleni anakunywa chai, yeye anahangaika na karatasi.

Basi akapanga somo kama hajawahi kupanga. Madawati yakae nusu duara. Shahidi akae katikati. Wanafunzi wafundishwe kwanza kwamba mtu haaminiwi kwa sababu ana mvi tu: aulizwe alijuaje, nani mwingine aliona, na lini. Na ili asipatikane wa kusinzia, akaongeza kwa wino mwekundu kwamba mwanafunzi atakayeuliza swali la kumkwamisha shahidi atapata alama mbili za nyongeza kwenye mtihani wa muhula. Aliposoma mstari huo alijichekea mwenyewe, maana nani wa kumkwamisha baba?

Mzee alipoambiwa alijifanya hataki. Siku ya Jumatano akanyoa ndevu, akaomba koti lipigwe pasi, na usiku wake akauliza mara mbili kama watoto wa siku hizi watamwelewa. "Watakupenda, baba," binti alimhakikishia.

Na kweli walimpenda. Mzee alisimulia akiwa amesimama, mikono ikionyesha tingatinga lilipokuwa na mlango ulipokuwa, na alipofika kwa dereva kukaa chini na kulia, kalamu zote darasani zilikuwa zimesimama. Mwalimu wa taaluma kule nyuma alisahau kuandika. Kisha maswali yakaanza. Tingatinga lilikuwa rangi gani? Manjano. Babu hakuogopa? Aliogopa hadi magoti yakagongana, ila begani alikuwa na mtu, na mtu huyo hakutakiwa kujua. Wakacheka, wakapiga makofi. Kila aliyejaribu kumkwamisha alikaa chini mikono mitupu.

Ndipo akasimama Wakili. Hilo ni jina alilopewa na wenzake msichana wa dawati la mbele, mtoto anayeweza kubishana hata na kengele ya shule. Lakini adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, huyo mtoto uliyembeba ni mwalimu wetu?"

"Ndiye huyu," alijibu mzee, na darasa likamgeukia Mama Tarehe na kumshangilia. Aliona aibu ya kupendeza.

"Sasa babu, bomoabomoa ilikuwa miaka arobaini na mitatu iliyopita. Mwalimu kaandika mwenyewe, ile pale ubaoni. Na mwalimu huyohuyo alituambia mwaka huu anatimiza arobaini na mmoja." Wakili hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafanya kazi aliyopewa. "Ulimbebaje mtu ambaye hajazaliwa?"

Darasa lililipuka. Wakapiga madawati, wakapiga miluzi. "Kakwama! Kakwama! Alama mbili!"

Mama Tarehe aliutazama ubao. Mwandiko ulikuwa wake. Mwaka wa bomoabomoa aliujua, mwaka wake wa kuzaliwa aliujua, na katika maisha yake yote hakuwahi kuuweka huu kando ya ule. Tarehe za vita na mikataba alizipima moja moja, akawakata watu alama kwa kukosea mwaka mmoja. Hii ya nyumbani aliipokea akiwa amekaa mapajani mwa baba, na hakuwahi kufikiri kwamba nayo ni ya kupimwa.

"Nilimbeba mtoto," alisema mzee.

"Mtoto yupi, babu?"

"Mtoto. Alikuwa hapa." Akaligusa bega la koti, akaliacha, akaligusa tena. "Alikuwa hapa hapa."

"Babu katia chumvi!" mmoja alipaza sauti, na kicheko kikazunguka chumba.

Mzee alimgeukia binti yake. Alimtazama kama anavyomtazama wakiwa hospitalini, daktari anapotumia maneno magumu, yaani nisaidie hapa. Na msaada wenyewe ulikuwa neno moja tu. Inatosha. Mama Tarehe alikuwa nalo mdomoni tayari. Lakini kule nyuma mwalimu wa taaluma alikuwa ameanza kuandika kwa kasi, anatabasamu, na chumbani hakuna hata mmoja aliyesinzia. Akalimeza neno lile.

"Endelea, Wakili," alisema.

Hapo ndipo alipokosea, na tusimtafutie udhuru. Moyo wake ulijua wakati uleule ulimi unatamka.

"Basi kama hilo si kweli," Wakili aliendelea, "tutaaminije kwamba dereva alilia?"

"Mwulizeni mwalimu wenu," mzee alisema. Akakaa, akatazama viatu vyake mpaka kengele ikagongwa.

Mwalimu wa taaluma alimshika Mama Tarehe mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hili ndilo somo! Somo limepona hili. Jumatatu rudia na darasa la jirani, na mzee uje naye." Yeye akaitikia huku macho yanamtafuta baba mlangoni, lakini baba alikuwa ameshaondoka peke yake. Akaandika alama mbili za Wakili, kwa sababu ahadi ni ahadi, kisha akaenda nyumbani karibu anakimbia.

Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, koti bado mwilini.

"Baba, nisamehe."

"Yule binti alipewa alama zake?"

"Alipewa."

"Vizuri. Kauliza vizuri."

Akaketi sakafuni karibu na miguu yake. Alitaka kunyamaza, na angenyamaza kama angeweza. "Baba, ulimbeba nani?"

Mzee alimtazama. "Na hilo nalo lina alama?"

Machozi yakamtoka Mama Tarehe palepale. "Halina, baba. Nauliza mimi tu."

Mzee akasema, "Dada yako."

Alieleza akitazama ukuta. Msichana, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Baada ya nyumba kubomolewa walipelekwa kwenye mahema uwanjani, mvua zikaja, kifua kikambana. Hakumaliza mwezi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mama yako hakutaka. Ulipozaliwa wewe alisema huyu hatakua akilinganishwa na marehemu, na jina lile lisisikike tena nyumba hii. Nikakubali, maana alikuwa amelia vya kutosha." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini mimi nilikuwa na hamu naye, mwanangu. Hamu ya kumtaja tu. Basi nikaanza kuwasimulia watu tingatinga, na nikifika begani nasema ni wewe. Mama yako alijua. Alikuwa ananitazama, kisha anaondoka kwenda kuosha vyombo. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo, na niliitumia kila nilipopata msikilizaji."

Binti aliushika mguu wa baba yake. Alikumbuka namna alivyokuwa akijivuna shuleni, mtoto aliyezima tingatinga, na sasa hakujua sifa ile airudishe wapi. "Jumatatu huendi popote," alisema. "Nitawaambia unaumwa."

"Waambie lolote." Mzee alianza kufungua vifungo vya koti, binti akainuka akamfungulia. "Miaka yote hiyo nikimtaja wanampigia makofi. Hata wasiotupenda. Leo ndiyo mara ya kwanza wamemcheka."

Akatoa mkono mmoja kwenye koti, kisha wa pili.

"Na wewe ukasema waendelee," alisema, bila hasira yoyote.