Nsansa ya Mgeni wa Gesti

Loveness alikuwa na sauti ndogo mpaka wateja wengine wa mama yake walidhani ni bubu. Akitoka shule anafunga kanga juu ya sketi, anaanza kubeba sahani kwenye banda lao la chakula, nyuma ya gesti, karibu na stesheni ya Shinyanga. Mteja akimtania, yeye anaangalia vidole vyake vya miguu.

Mchana mmoja akaingia Donatus, yule wa mapokezi pale gesti, amemshika mkono bibi wa Kihindi aliyevaa sari nyeupe.

"Mama Loveness, nimezunguka na bibi huyu mpaka soli zinaisha! Kwa Liaquat pilau tamu, lakini ya nyama. Kwa Serafina sato. Pale stesheni, supu ya makongoro. Na bibi hali nyama, hali samaki. Tangu jana ni chai tu, na jioni anapanda treni."

"Shikamoo, mama. Karibu," alisema Apolonia, mama yake Loveness, huku anafuta kiti.

"Marahaba, binti. Naitwa Madhuben. Zamani mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na duka la vitambaa hapa mjini. Nimekuja kuliona tu." Akanusa moshi wa jikoni, akatabasamu. "Una nsansa?"

"Majani ya kunde yetu hayo! Ya karanga kabisa. Ipo, mayu, mama yangu!"

Lakini alipofika jikoni, Apolonia akafunua sufuria, akaifunika, akaifunua tena.

"Mgeni katoka huko kote, nimpe majani matupu? Hata jogoo sina wa kumchinjia. Watu watanionaje?"

"Mama, amesema hali," Loveness alinong'ona.

"Ana njaa huyo, ng'wanone, mwanangu. Atapanda treni na nguvu gani?" Akachota unga wa dagaa, akaukoroga kwenye karanga. "Kadagaa kenyewe hata damu hakana. Peleka."

Loveness akapeleka, pamoja na ugali. Bibi alitoa sahani yake mwenyewe kwenye mfuko aliokuja nao, akapakuliwa humo. Akafumba macho, akasema sala yake polepole, kisha akamega tonge.

Loveness akinyamaza, bibi atakula asichokila maisha yake yote. Akisema, mama ataumbuka mbele ya wateja. Tonge likachovywa, likapanda.

"Bibi, usile! Ina dagaa!"

Apolonia akatoka jikoni, mwiko bado mkononi, macho chini.

"Nisamehe, mama. Niliona aibu kukupa majani tu."

Bibi akalirudisha tonge taratibu. Mabega yakaanza kumtikisika. Kumbe anacheka.

"Nilipoletwa hapa bibi harusi, jirani yangu Mbuke alinipikia kuku mzima. Nikashindwa kumla. Alininunia huyo! Halafu siku moja akarudi na michembe, tukala wote mlangoni. Michembe ipo?"

"Ipo! Na chungu chake hakijawahi kuona nyama."

Vile vipande vya viazi vilivyokaushwa vikaja vinatoa mvuke, na karanga pembeni. Bibi akavuta kigoda.

"Kaa tule."

"Lakini sijakuchinjia kitu, mama."

"Ukikaa na mimi, umeshachinja."

Apolonia akakaa. Wakala mpaka bibi akalamba chumvi ya karanga vidoleni.

"Kumbe huyu binti ana sauti!" Donatus alipiga kelele. "Na sisi tunamwonea huruma!"

Loveness akaangalia vidole vya miguu.

"Haya," alisema bibi, anajifuta mikono, "nani atanibebea mfuko mpaka stesheni?"

"Mimi," alisema Loveness, na banda zima likasikia.