Kondoo wa Akika na Damu ya Mwitu

...na sasa huyu kondoo amfanye nini, amchinje au amfungue, maana neno alilolisema Amal wakati wa chai limemkwama Mwalimu Jamaludin kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki, kamba anayo mkononi, kondoo anatafuna upindo wa kanzu yake bila haya, Fadhil mchinjaji amekwenda kwake mara moja kuleta kile kisu chembamba, kwa sababu nyama ya akika haipigwi shoka, hukatwa kwenye viungo, mfupa hata mmoja usivunjike, ili mtoto naye akue na mifupa yake mizima, amemwambia Fadhil, akamrudia, akamwambia tena, mpaka Fadhil akacheka, "Mwalimu, nimesikia"... na huko juu mjukuu wake wa kwanza, leo siku yake ya saba, ananyolewa nywele na analia, subhanallah, kilio cha kuezua dari, na jina hana bado, wanamngoja babu alitoe, na babu yuko chini, kwenye uwanja wa ndani wa nyumba, anazozana na kondoo kimoyomoyo. "Baba, hata huyo ana damu ya mwitu," ndivyo alivyosema Amal, binti yake anayesomea mifugo bara, huku akichovya mahamri, wataalamu wamechunguza, kondoo walipokwisha kufugwa huko Asia, zamani za zamani, walikutana tena na jamaa zao wa mwitu milimani, wakazaana, na damu ile ipo mpaka leo, kidogo tu, tone, akasema, akaendelea kula, hajui mzigo aliombwagia baba yake, kwani Mwalimu amefundisha fiqhi umri wake wote na anakumbuka vizuri, mnyama aliyezaliwa na wa kufugwa kwa wa mwitu hafai kwa akika... basi na hili tone je, tone la miaka elfu ngapi, akika isiposihi mjukuu atakuwaje, na akimfungua huyu atampata wapi mwingine saa hizi, apande boti mpaka Mokowe, halafu Fadhil akasimulie barazani kwamba Mwalimu Jamaludin kamkataa kondoo kwa ajili ya nasaba yake... hata yeye mwenyewe anacheka, kondoo anainua kichwa kumtazama, mkia wa mafuta umening'inia, hana mlima hana lolote, kondoo wa watu kabisa, na sheria haikumtuma mtu kufukua mababu wa kondoo, imemwambia amtazame aliye mbele yake, macho mazima, masikio mazima, miguu minne, huyu ni kondoo, basi, moyo umetua... mbona umetua upesi hivi, kwa kondoo umetua, kwa mtu je... watu si kondoo, astaghfirullah, lakini Bochaberi, mama wa huyu mtoto, mwalimu wa hesabu kutoka Kisii, alisilimu akaitwa Iman, mwanawe Ubaid akamuoa, na yeye Jamaludin aliisimamia nikahi, hakukosa adabu, alitabasamu panapotakiwa, ila jina la Abdulqadir, jina la baba yake, alilitia kando kimyakimya, akamwekea mtoto atakayezaliwa na Fuad, kijana wake mdogo aliyeposa binti wa ami yake, ili jina libaki katika damu ya nyumba, hakumwambia mtu, hata mkewe, lakini Ruqaya anajua, Ruqaya hafichwi, ndiyo maana asubuhi alimtazama vile... baba yake, Mungu amrehemu, hakuwa akimaliza aya moja bila kusimama kuvuta pumzi, pumu, alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda mikono magotini, na ami zake pumu, na Ubaid alipokuwa mdogo wamembeba mara ngapi kumkimbiza hospitali, midomo imegeuka rangi, binti ami kwa binti ami, wameoana ndani kwa ndani mpaka pumzi zimewapungukia... na Amal alisema nini tena, alisema damu ile ya mwitu haikuwaharibu kondoo, iliwasaidia kuhimili maradhi ya mapafu... mapafu... na mtoto kule juu bado analia, hakukohoa hata mara moja, sauti imenyooka inatoka dirishani inafika mpaka kwa majirani, mtu wa ukoo huu hajapata kulia hivi tangu nyumba hii ijengwe, mapafu haya kayatoa wapi, kwa mamake, huko Kisii kwenye milima, na nani aliyesema wa mwitu ni wao, pengine kwao wanasema wa mwitu ni sisi huku visiwani... anafurahi, haina jina jingine hali hii, Mwalimu anafurahi mpaka ndevu zinamtetema, na hiyo nasaba anayoihifadhi, bin fulani bin fulani, wanaume watupu, mama zao wako wapi, nyanya mzaa babu yake walisema alitoka kaskazini huko kupita Kiunga, jina lake hakuna aliyelitaja, ila macho ya Mwalimu, wazee wote walisema, ni macho yake yule bibi... na hiyo mifupa, kwa nini amemsumbua Fadhil kwa habari ya mifupa, mtu hahofii mifupa ya mtoto asiye wake, Jamaludin, ulishampokea siku nyingi, ni ulimi tu uliochelewa, na Fuad atajitafutia jina, majina mema hayajaisha.

"Baba Ubaid!" Bi Ruqaya anachungulia kutoka juu, mkono kiunoni. "Kinyozi amekwisha. Watu wauliza, mwana ina lake nani?"

"Abdulqadir," anasema, lakini kilio kinalimeza jina, Ruqaya anatega sikio, "Nani?", na kondoo amerudia upindo wa kanzu, na Fadhil hajarejea na kisu chake, na kamba ingali mkononi, naye Mwalimu anataka kulisema jina lote, Abdulqadir bin Ubaid bin Jamaludin, kwa sauti ya kusikika na majirani, ila inambidi asimame kwanza avute pumzi, kama alivyokuwa akifanya baba yake, na huko juu mwenye jina analia tu, hasimami kuvuta pumzi.