Mchoro wa Uso wa Mwalimu

Kitambaa cha nne nilikikamua mpaka kikaacha kudondosha, nikakikunja mara mbili, nikakilaza juu ya shavu la kushoto la Mwalimu. Alivuta pumzi kwa meno.

"Pole. Dakika kumi kikiwa juu, dakika kumi tunapumzika," nikamwambia.

"Usiniambie pole wewe, Kaka." Midomo yake ilisogea kidogo tu, maana ngozi ya pembeni mwa mdomo ilikuwa imekaza na kupasuka. "Wewe ulinikataza."

Tulikuwa chumba cha nyuma, kile cha kuhifadhia taulo, chenye kitanda kimoja cha zamani na dirisha lisilofunguka. Mwenye saluni alimwingiza huko mara tu alipomwona mlangoni, amejifunga mtandio hadi puani na kuvaa miwani ya jua, ili wateja waliokaa mbele wasimtazame. Kisha akaniambia nimtulize, naye akaenda zake ofisini. Hakumgusa. Hakumuuliza hata kama amelala.

Nataka kuyaeleza haya kwa mpangilio, maana mimi nikikasirika maneno yananipotea.

Miaka ishirini na mmoja nilipiga rangi magari. Gerejini mwenye kelele ni fundi wa kunyoosha bodi; mpiga rangi hunyamaza, kwa sababu ukifungua mdomo unaila rangi. Hata hivyo niliila. Mapafu yalipoanza kugoma, daktari aliniambia nichague kati ya ile bunduki ya rangi na pumzi zangu. Wakati huo nilikuwa nasoma vitabu vya ngozi peke yangu, jioni baada ya kazi, kwa ajili ya mke wangu. Alitokwa na madoa usoni baada ya kujifungua pacha, na kila duka lilimuuzia krimu yake. Nilitaka kujua ipi ingemdhuru. Kitabu kimoja kikanipeleka kwa kingine, mpaka nikajikuta nimejiandikisha chuo nikiwa na miaka arobaini na sita, mwanamume peke yangu darasani.

Wenzangu wa gereji walicheka mpaka wakakaa chini.

"Umeacha bampa umehamia mashavu?"

"Ukimaliza uso unapiga na polishi, au polishi bei yake mbali?"

Nilicheka nao. Hawakuwa na ubaya. Na kazi hizi mbili zinafanana kuliko walivyodhani. Kazi yote ni maandalizi. Rangi yenyewe ni dakika chache za mwisho.

Leseni ya juu ya utunzaji wa ngozi ina masharti yake. Unafaulu darasani, halafu unafanya saa mia sita za mazoezi chini ya mtu mwenye leseni, naye anasaini kila ukurasa wa daftari lako. Ukurasa wa mwisho ndio mzito: msimamizi anaandika kwamba unafaa. Mimi nilikuwa nimemaliza saa mia sita na nne. Ulibaki ukurasa huo mmoja, na Baraza linalotoa leseni lilikuwa linapokea madaftari mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Ukikosa, unasubiri mwaka mzima. Siku ninayoisimulia ni Alhamisi.

Sasa turudi Jumatatu.

Mwalimu alikuja asubuhi, anacheka, anatania. Alikuwa ameteuliwa kuwa msaidizi wa mwalimu mkuu, na Ijumaa angesimama mbele ya wazazi kwa mara ya kwanza. Alitaka achubuliwe uso uwe laini, madoa yapungue. Nilipewa kazi ya kumpokea na kumkagua.

Fundi rangi hatazami mlango wa gari kwa mbele. Anazima taa ya juu, anaweka taa ya mkono ubavuni, mwanga upite juu ya bati kwa mlazo. Hapo kila bonde linajitokeza. Mimi huwakagua watu hivyo hivyo. Nilipoweka taa karibu na sikio la Mwalimu, niliona vimishipa vyekundu vimetandaa mashavuni kama nyuzi, na ngozi inayong'aa mahali isipopaswa kung'aa. Nilishaona kitu cha namna hiyo kwenye magari: rangi iliyopigwa msasa mpaka imebaki kidogo bati litokeze.

"Mwalimu, nyumbani unapaka nini?"

"Mafuta tu."

"Mafuta gani?"

"Kuna kikopo. Aliniletea wifi yangu. Hakina maandishi."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Likizo ya mwezi wa nne."

"Huyo wifi anakupenda?"

"Ananipenda kama watoto wangu wanavyoipenda hesabu."

Tulicheka, lakini nilimweleza ukweli. Kikopo kile kimeikondesha ngozi. Ikipakwa dawa ya kuchubua sasa, itaungua. Aache kikopo taratibu, daktari amwone, na kuchubua tusubiri miezi mitatu. Akasikitika, akakubali.

Kisha nikachora. Gerejini, gari likiingia, kabla hujaligusa unachora umbo lake kwenye karatasi, unaweka alama penye kila mkwaruzo, na mwenye gari anasaini. Nakala moja yake, moja yako. Usipofanya hivyo, mkwaruzo wa mwaka juzi utakuwa wako. Nilikuja na tabia hiyo saluni. Nilichora uso wa Mwalimu, nikaonyesha vimishipa, nikaandika habari ya kikopo, na chini nikaandika asichubuliwe kwa miezi mitatu, nikapiga mstari mara mbili. Tukasaini wote wawili, nikampa nakala yake.

Mwenye saluni alikuja akauchukua mchoro. Sisi tulimwita Madam. Sitaki kumsema kwa chuki. Ni mtu aliyenifundisha kuulegeza mkono ninaposhika brashi, na mikono yake mwenyewe ni myepesi sana. Aliutazama, akacheka.

"Fundi, huyu ni mteja, siyo pikapu."

"Hayuko tayari, Madam. Ngozi imekonda."

"Ijumaa ana shughuli. Nenda duka la dawa ulete gozi za kufutia, zimekwisha."

Nilienda. Nilisema mara moja tu, kwa hii sauti yangu ndogo, halafu nikaenda kununua gozi. Niliporudi feni ilikuwa inapepea uso wa Mwalimu, chumba kinanuka siki ya dawa ya kuchubua; Madam alikuwa amemhakikishia kwamba hakuna hatari.

"Nguvu ya kati tu," akasema Madam, anavua glavu. "Mnapenda kutisha watu."

Hiyo ndiyo Jumatatu. Sasa Alhamisi, kitambaa cha nne kikiwa shavuni, Madam akaniita ofisini.

"Funga mlango, Fundi."

Nikafunga. Mezani kulikuwa na daftari langu, limefunguliwa ukurasa wa mwisho, kalamu imelazwa juu yake. Kando yake palikuwa na fomu mpya ya mteja, tupu.

"Ule mchoro wako umelowa maji," akasema. "Tujaze upya. Ngozi ya kawaida. Mteja amekana kutumia krimu yoyote. Umempaka kipimo nyuma ya sikio wiki iliyopita, umesubiri siku mbili, hakuna kilichobadilika. Weka saini. Na mimi naweka yangu hapa."

"Umelowa vipi, Madam? Faili liko kabatini."

"Umelowa, Fundi."

"Alituambia mwenyewe habari ya kikopo."

"Alikuambia wewe. Nani mwingine alisikia?" Akashusha sauti, akawa kama mama anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Sikiliza. Baraza wakiiona ile karatasi watafunga hapa. Wasichana sita wataenda nyumbani. Na wewe, baba wa watoto wawili, na umri huo, utapoteza mwaka kwa ajili ya nini? Uso utapona. Nyuso hupona."

Naungama kwamba nilifikiri. Mimi si mtu wa kuamua haraka, na aliyoyasema kuhusu wale wasichana yalikuwa kweli. Nilikuwa bado naitazama ile kalamu alipoongeza:

"Na kwani yeye ni nani? Mtu anajichubua mwenyewe na vikopo vya vichochoroni, halafu anakuja kutulilia sisi. Amejitakia."

Kukosea nakujua. Nimewahi kuunguza rangi ya boneti nzima kwa joto la taa, nikamwita mwenye gari, nikamwambia nimeharibu, nipe siku tatu. Alinitukana, na alikuwa na haki ya kunitukana. Lakini sijawahi kuandika kwenye karatasi kwamba boneti ilijiunguza yenyewe. Na lile lilikuwa bati.

"Sisaini, Madam."

"Sikusikii."

Maisha yangu yote watu wananiambia hawanisikii.

"SISAINI!"

Sikujua kama ninayo sauti ile. Mteja aliyekuwa akisuguliwa miguu chumba cha jirani alikatiza hadithi yake katikati. Madam alibaki ananitazama kama vile kiti kimesema.

"Yule mama huko nyuma umemuunguza wewe," nikaendelea. "Nilikuandikia. Ulisoma. Ukacheka. Sasa unataka niandike kwamba alidanganya, yeye aliyesema kweli, ili wewe uliyejua uonekane hukujua. Mimi nije nipewe leseni ya kugusa nyuso za watu kwa karatasi hiyo?"

Akalifunga daftari polepole, akalisukuma upande wangu.

"Haya. Mwaka ujao utafute wa kukusainia. Na nikiulizwa, nitasema mwanafunzi wangu ndiye aliyemhudumia. Wataamini nani, mimi au mpiga rangi magari?"

Mlango ulifunguka. Mwalimu alisimama pale, kitambaa amekishikilia shavuni, maji yanamchirizikia kwenye kola. Mkono wa pili ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Samahani kuingia bila hodi. Nyumba nzima inawasikia." Akaikunjua kwa meno na vidole. "Mimi huwa natunza karatasi. Ni ugonjwa wa kazi. Hii ina saini mbili na tarehe ya Jumatatu. Nisome?"

"Mwalimu, kaa tuongee kama watu wazima," akasema Madam.

"Nimeamka na usaha kwenye foronya, Madam. Utu uzima nimeufanya tangu alfajiri." Akasoma, kwa sauti ya darasani, taratibu, kila neno na nafasi yake: vimishipa, kikopo, miezi mitatu. Alipofika penye mistari miwili akaigeuza karatasi kumwonyesha. "Hapa hata darasa la pili wangeelewa. Uliliona hili kabla hujanipaka?"

Madam aliichukua kalamu yake, akaifunika kifuniko, akaitia mkobani. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yangu ya ukurasa wa mwisho.

Nilimrudisha Mwalimu kitandani tukamalizia duru mbili za vitambaa zilizobaki. Sikutaka aondoke na kazi nusu, na wala hakuna aliyethubutu kunitoa. Katika zile dakika kumi za mapumziko nikampigia mke wangu.

"Amesaini?" akauliza kabla ya salamu.

"Hajasaini. Na hatasaini."

"Mbona sauti imekauka? Umepiga kelele?"

"Kidogo."

"Wewe? Baba Pacha wewe?" Nikasikia kicheko kinamtoka, kikakatika, akavuta kamasi. "Na mimi sikuwepo! Ungenipigia simu nisikilize." Halafu, kwa sauti nyingine: "Basi. Mwaka mmoja. Tutaumaliza. Ila huyo mwanamke msimwache hivi hivi."

Kutoka saluni nilimpeleka Mwalimu hospitali. Daktari, binti mdogo mwenye macho ya uchovu, aliutazama uso ule kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyefanya hivi, na mwenye leseni ya nini. Nikamtajia leseni. Akatikisa kichwa, akaandika dawa ya kupaka, vitambaa vya maji asubuhi na jioni, jua lisimguse. Makovu hakuweza kuahidi kwamba hayatakuwepo.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Mwalimu akatoa daftari la mistari kwenye mkoba, akanipa kalamu.

"Andika. Baraza linafunga kesho saa kumi, siyo? Basi peleka daftari lako kama lilivyo, na barua hii juu yake. Na mimi nitaandika yangu."

"Kesho una wazazi."

"Nitasimama mbele yao na uso huu huu. Wakiuliza, nitawaambia. Wengine wana vikopo nyumbani."

Nilianza kuandika. Mimi huandika polepole. Nilimtaja Mwalimu, nikaeleza taa, nikaeleza mchoro. Yeye alikuwa anachungulia kwa jicho moja.

"Hapo weka nukta. Umempandisha msomaji mlima bila maji."

Nikaweka nukta. Nilipofika kwenye fomu mpya iliyokuwa mezani kwa Madam, kalamu ikasimama yenyewe. Nilikumbuka kwamba haikuwa ya kwanza. Mwezi wa tatu kulikuwa na dada wa benki aliyetoka na kidonda kidevuni, na mchoro wake sikuuona tena kabatini. Kabla yake, bibi mmoja mwenye kisukari. Niliambiwa michoro imepotea, nikaamini, nikachora mingine. Nikamwambia Mwalimu.

Aliondoa kitambaa shavuni. "Wangapi?"

"Sijui. Lazima nikumbuke mmoja mmoja, kwa tarehe."

"Basi kumbuka."

Tulimaliza wa benki. Tulikuwa katikati ya bibi wa kisukari, nimeshaandika siku na saa, natafuta kilikuwa chumba kipi, mhudumu alipokuja na funguo akitutaka tumpishe apige deki. Nikalikunja daftari na kalamu ndani yake. Mwalimu alisema saa kumi na mbili asubuhi atakuwa ameshachemsha maji na kuyapoza, nije na vitambaa, tufunge uso kwanza ndipo tuandike.

Usiku ule niliwahesabu vidoleni. Wako saba, na wawili sijakumbuka nyuso zao.