Kinyozi Hajinyoi

Wateja wangu walianza kubana pumzi kabla mimi mwenyewe sijakubali kwamba mkono unatetemeka. Nikifika shingoni na wembe, kifua cha mtu kinatulia tuli. Wakishuka kitini hushukuru kwa adabu, kisha hawarudi. Hivyo ndivyo kazi ya miaka ishirini na minane ilivyoniponyoka, kichwa kimoja kimoja, bila ugomvi. Sikulia. Tangu ugonjwa wa Parkinson utajwe, moyo ulikuwa umekufa ganzi. Nilikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu.

Daktari alinieleza upasuaji wenyewe. Ni jaribio, alisema. Watatoboa fuvu na kupandikiza seli changa ndani ya ubongo. Ila nusu yetu wagonjwa tutakaoshiriki, kwa kura, tutatobolewa tu bila kuwekwa kitu, ili wapate kulinganisha.

"Wewe mwenyewe hutajua uko kundi gani."

"Mkono wangu utajua."

"Hata mkono hudanganyika, mzee. Unatarajia nini hasa?"

"Kumnyoa mtu mmoja, naye awe anapumua."

Aliandika kitu. Nikatia sahihi yangu, ikapinda kama njia ya siafu.

Asubuhi ya kwenda kulazwa, mke wangu alinikalisha kwenye kiti changu mwenyewe, dukani, mlango tumeurudishia. Hospitali wana mashine yao, lakini nilikataa kunyolewa na mgeni.

"Kinyozi hajinyoi," alisema, akinifunga shuka shingoni.

"Na akijinyoa hujikata."

Hakucheka. Alikuwa hajawahi kushika wembe, nami nikamfundisha: aulaze, avute ngozi kwa kidole gumba, asiharakishe nyuma ya sikio.

"Na wakikutoboa bure?"

"Nitakuwa nimetobolewa bure."

"Usinijibu kama mteja."

Nikainamisha kichwa. Povu lilikuwa la baridi. Wembe ulishuka kutoka utosini, ukapita pale daktari alipogusa kwa kalamu kunionyesha watakapotoboa, ukaendelea. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu ulivyopata kuwa, hata ujanani. Nywele nyeupe zilianguka mapajani, nikazitazama kana kwamba ni za mtu mwingine.

Mara wembe ukasimama.

"Baba watoto," alisema taratibu, "mbona umebana pumzi? Nakukata?"

Nilitazama kioo. Kifua changu kilikuwa tuli.

"Si wembe," nilimwambia. "Endelea."