Dume Aliyebeba

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na simu huipokea mguu ukiwa bado kwenye pedali. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanzia.

Nyumbani tulibakiwa na mtoto mmoja wa mbwa, Kiroboto. Ndugu zake wawili walikufa kwa homa isiyosikia dawa na vidonda visivyofunga. Daktari wa mifugo akatuambia ni upungufu wa kinga wa kurithi, kasoro inayotembea kwenye ukoo, akachukua damu ya Kiroboto ikapimwe. Tangu hapo Shangazi hakuwa Shangazi. Alimshonea mteja suruali miguu yote ikatazama upande mmoja, na nikimwambia ale, ananiuliza kama mbwa amekula.

Basi simu ikalia. Akasikiliza, cherehani ikinguruma, akaitika "ee, ee, asante," akakata. Alikuwa amepigwa na butwaa.

"Daktari anasema amebeba."

"Amebeba nini?"

"Mimba, nini kingine?"

Nilimgeuza Kiroboto chali palepale juu ya vipande vya kitambaa, tukahakikisha. Dume, tena dume hasa. Shangazi akasema lazima damu zimechanganywa huko maabara, kuna jike wa watu anaambiwa hana kitu kumbe anakaribia kuzaa. Mimi mbavu sina. Yeye hakucheka, maana kama damu iliyopimwa si ya Kiroboto, basi hatujui kama atakufa au atapona. Nikachukua simu, nikapiga mwenyewe, nikaweka sauti kubwa.

Daktari naye, aliposikia habari ya mimba, alishindwa kujizuia kucheka. Alipotulia akaeleza taratibu kwamba Kiroboto amebeba kasoro, lakini ya mzazi mmoja tu. Kwa mwingine amerithi kilicho kizima, na hicho kinamtosha. Wale wawili walirithi ubovu kotekote.

"Kwa hiyo anaishi?" Shangazi akauliza.

"Anaishi, mama. Atazeeka akikutafunia viatu. Ila asizalishe, asije akawarithisha wanawe."

"Amebeba, lakini asibebeshe," Shangazi akasema, akaangua kicheko hadi akateleza kwenye stuli, akakaa sakafuni, machozi yakimbubujika na Kiroboto akiyaramba kwa pupa. Nilidhani bado anacheka, kumbe alikuwa akiwaita wale wawili kwa majina yao. Nikaketi kando yake, tukalia na kucheka kwa zamu.