Kibarua Ndani ya Uti wa Mgongo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepata kibarua ndani ya uti wa mgongo wa mume wangu. Sikushangaa. Mwaka mzima namlisha, namgeuza, namkogesha. Kumwingia ndani ndiko kulikuwa kumebaki.

Mume wangu, Baba Salha, ana ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Ilitangulia miguu, ikafuata mikono, kisha ulimi. Kikabaki kidole gumba cha kulia, na hicho ndicho tulichokuwa tukitumia kuzungumza: namwekea kiganja changu, naye anabonyeza mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Tangu Ijumaa hakijabonyeza. Kwa hiyo nilipoitwa kibaruani nilikwenda bila maswali.

Uti wa mgongo ulikuwa ujia mrefu wa hospitali, unanuka dawa ya sakafu. Mlangoni kilinipokea kipande cha uzi, kifupi kama kope.

"Shikamoo, Mama Salha."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mikro-RNA. Daktari alikueleza habari zetu juzi, ila ulikuwa unasinzia."

Ni kweli, nilikuwa nasinzia.

"Na kazi yenu humu ni nini?"

"Kunyamazisha. Kila neva ina jumbe zake, zinaagiza kitengenezwe hiki, kitengenezwe kile. Ujumbe ukishasema vya kutosha, mmoja wetu analala ubavuni pake, nao unanyamaza. Siku hizi tumebaki wachache. Njoo ujionee mwenyewe."

Nafungua mlango, najikuta kwenye jiko la shughuli. Masufuria ya pilau yako motoni na mpishi hayupo. Jumbe zimejaa mpaka dirishani, zote zinaagiza kwa pamoja. Mmoja unataka protini ziletwe upesi, mwingine unafoka kwamba zile za jana bado zimerundikana mlangoni, na wa tatu unarudia neno moja tu: "Ongeza! Ongeza!"

Upande wa pili, mbele ya mlango uliofungwa, amesimama bwana mmoja mwembamba, mrefu kuanzia shingoni mpaka kiganjani. Ni neva ya kidole gumba. "Hodi!" anaita. Nyuma ya mlango msuli unaitika, "Karibu!" Nausikia kwa mbali. Yeye hasikii kwa zile kelele.

"Ameshapiga hodi mbili," kipande cha uzi kikaniambia. "Ya tatu asipoitikiwa, anaondoka. Adabu ya hodi mnaijua wenyewe."

"Akiondoka anarudi lini?"

"Akiondoka, mama, kaondoka."

Nikavua kandambili, nikalala ubavuni mwa ujumbe wa kwanza. Unanyamaza. Nahamia wa pili. Ndiyo kazi ya kwanza maishani mwangu kufanywa kwa kulala, na nilikuwa nimeitamani muda mrefu. Ule wa "Ongeza!" ulinitoa jasho, ulijigeuza, ukataka maji, ukauliza kama nimefunga mlango wa nje. Nikaubembeleza kama ninavyombembeleza Baba Salha anapopaliwa, mpaka ukatulia. Nilichoka. Nilichoka ndotoni kama ninavyochoka nikiwa macho, na nikaona huo ni uonevu.

Jiko likawa kimya. Hata pilau liliacha kutokota. Bwana mwembamba akaweka sawa kola yake, akakohoa kidogo.

"Hodi!"

Nyuma ya mlango nikausikia msuli ukivuta pumzi ili uitike. Nami nimelelewa na bibi aliyekuwa akimfinya mtoto yeyote anayechelewa kumwitikia mgeni. Nikatangulia.

"Karibu!"

Kipande cha uzi kikajishika kichwa, ingawa hakikuwa nacho. "Mama Salha! Umeitikia hodi ya watu!"

"Imenitoka!"

"Basi ndiyo hivyo. Aliyeitika ndiye mwenyeji."

Neva akageuka, akaja kwangu na uso wa mgeni aliyetoka mbali. Nikamwambia, "Baba, si hapa, ni mlango ule pale, nakusihi." Nikamsukuma. Nikalia. Yeye akasema, "Ahsante, mwenyeji," akavua viatu, akaingia ndani ya kidole gumba changu, akajinyoosha. Nyuma ya mlango msuli ukawa bado unaita karibu, karibu, sauti inapungua, mpaka ukaacha. Moyo uliniuma vibaya sana.

Nikaamka. Kumekucha, nami nimejilaza ukingoni mwa kitanda cha Baba Salha, kiganja changu juu ya chake. Macho yake yananitazama. Kidole chake gumba kimetulia, cha baridi. Changu kinacheza chenyewe.

"Ni ganzi tu," nikasema.

Kikabonyeza mara mbili.

Nikakaa nikikitazama. Kuna neno ambalo mwaka mzima sikuwahi kumwambia mume wangu. Nilikuwa nalisema jikoni, peke yangu, maji yakiwa yanachemka. Asubuhi hii likatoka lenyewe.

"Baba Salha, nimechoka."

Kidole changu kikabonyeza kiganja chake, taratibu, mara moja.