Stata Mpya ya Marehemu

Veturia alikaa kwenye usukani wa Dacia kuukuu ya marehemu mumewe, akageuza ufunguo kama alivyoambiwa. Chini ya boneti kitu kikagonga ta, mara moja, kisha kimya. Kesho yake ilikuwa arobaini ya Toader, na gari lilikuwa halijawaka.

"Tena," akasema Pompiliu. Alikuwa mdogo wa marehemu na fundi pekee wa kijiji cha Poiana.

Akageuza tena. Ta. Basi.

"Stata mpya kabisa hii, shemeji. Nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe."

"Mikono yako ndiyo ninayoiogopa."

Huko Poiana mtu akifa, siku ya arobaini mjane hugawa vitu kwa jina lake: shati, blanketi, bakuli, na mshumaa unaowaka. Kinachotolewa hapa humfikia marehemu kule, na humfikia vilevile kilivyo. Ukitoa sufuria iliyotoboka, kule naye atapikia iliyotoboka. Wasomi wa mjini hulicheka jambo hili, lakini wakifiwa, hata wao hukagua sufuria kwanza. Veturia alikwishaamua: gari angempa jirani yao Anghel, ambaye mkewe hupelekwa mjini kusafishwa damu na hawana usafiri. Sharti lilikuwa moja tu. Lazima liwake kwa ufunguo. Toader alikufa akilisukuma, na Veturia hakutaka akalisukume na huko aliko.

Siku aliyokufa ilikuwa asubuhi ya vuli. Stata iligonga ta, kama leo. Ua wao uko bondeni na lango liko juu, basi Veturia akashika usukani na Toader akaenda nyuma. "Sukuma, bwana! Supu yote ile umekula bure?" akamtania. Gari likapanda kidogo, likasita, likaanza kurudi. Akakanyaga breki. Alipotazama kwenye kioo hakuona mtu. Tangu siku hiyo utani ule ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Pompiliu akawasha taa za mbele. Zikamulika ukuta wa zizi, kali. "Betri nzima," akasema. "Basi wameniuzia stata mbovu, wale wezi."

Akaingia uvunguni huku akitukana, akaifungua, akailaza chini na kuibana kwa mguu. Alipoiunganisha na betri, stata ikazunguka kwa kelele ikataka kumponyoka, kama jogoo aliyekatwa kichwa.

"Ajabu. Hii nzima." Akakuna kichwa, kisha akaenda kwenye kreti la vyuma chakavu akarudi na ile ya zamani, aliyokuwa ameitupa. "Ngoja tulinganishe."

Akaiunganisha. Ikazunguka kwa nguvu ileile.

Veturia aliutazama ule mkebe wa chuma wenye mafuta meusi. Kijiji kizima kilikuwa kimeilaani stata hiyo msibani, yeye akiwa wa kwanza.

Pompiliu akairudisha mpya mahali pake. "Geuza. Usiachie mapema." Ta, ta. Mara akautoa mkono wake kwenye injini na kupuliza vidole. "Waya wa choki, huu wa kuvuta injini ikiwa baridi, umenichoma. Waya mwembamba kama huu una moto wa nini?" Akaufuata waya kwa macho. "Umeme unatafuta njia ya kurudi, shemeji. Umefungiwa mlango, sasa unapita dirishani."

Akachukua waya mnene wa kuazimia moto wa betri nyingine, ncha moja akaibana kwenye injini, nyingine kwenye bodi ya gari. "Geuza."

Injini ikazunguka, ikakohoa, ikawaka. Moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika.

Pompiliu alicheka peke yake. Akaizima, akarudi uvunguni, akaifungua nati iliyoshika waya wa kurudishia umeme ubavuni mwa giaboksi. "Njoo uone maajabu. Rangi! Imepakwa mpaka chini ya waya, nene, inang'aa. Hapa chuma kinataka kugusa chuma kitupu. Mwanzoni ilikubali kwa shida, unyevu ulipoingia ikagoma. Kaka naye na Pasaka yake!"

Kabla ya Pasaka, Poiana hupakwa rangi yote: kuta, uzio, hata mashina ya miplamu. Mwaka huo Toader alipomaliza kuta akageukia injini, na rangi ya fedha. Kona moja mkono wake haukuingia. "Wewe una mkono mdogo," alimwambia mkewe. "Paka huko ndani, usibakize." Veturia alijilaza juu ya gunia, akapaka. Hakubakiza.

"Si kaka yako," akasema. "Ni mimi."

Pompiliu akatoka uvunguni polepole, akaketi chini. "Aliyefunga waya juu ya rangi ni yeye, shemeji. Na moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani, unajua."

"Moyo ulikuwa mbovu. Stata ilikuwa nzima." Akanyoosha mkono. "Nipe msasa."

Akalala chini kwa nguo zake nyeusi, akakwangua mpaka vidole vikachubuka na chuma kikaonekana. Alikuwa akilia, na hakujificha.

Kesho yake, baada ya kanisa na ngano tamu ya msibani, Anghel alisimama mbele ya gari, kofia mkononi. Veturia akampa ufunguo na mshumaa, vimefungwa kwa taulo jipya.

"Pokea, kwa ajili ya Toader."

"Mungu ampokee." Anghel akahisi kitu kinakwaruza ndani ya taulo. Akakifunua: kipande cha msasa, chenye vumbi la fedha. "Na huu wa nini, Veturia?"

"Ni wake. Atajua pa kuutumia."

Anghel akaurudisha msasa ndani ya taulo. Akaingia, akageuza ufunguo, gari likawaka papo hapo. Likapanda taratibu kuelekea langoni, watu wakipisha. Veturia alibaki nyuma, pale alipoanguka mumewe.

"Usisukume tena, bwana," akasema.